Kliniki wananiomba nisaini nifuatiliwe miaka mitano, nikubali au nikatae?

DadaWaMbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa mnaoyaelewa haya mambo, hili jambo limeninyima usingizi tangu Jumanne.

Mi nina VVU na niko kwenye dawa zake, ARV, tangu 2013, nilijua hali yangu nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Mtoto alizaliwa salama na amepimwa mara zote hana, na mume wangu pia hana mpaka leo. Virusi havionekani kwenye kipimo miaka mingi sasa, nachukua dawa za miezi sita narudi zangu kwenye biashara ya vitenge, anayejua ni mume wangu na dada yangu basi.

Sasa Jumanne nimeenda CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, kama kawaida nesi akanambia subiri kuna mtu ana maongezi na wewe. Akaja kijana na makaratasi, anasema kuna utafiti wanatafuta watu waliokaa kwenye dawa zaidi ya miaka kumi, watatufuatilia miaka mitano. Kila miezi sita watapima presha, sukari, mafuta kwenye damu, figo na uzito, na mara moja kwa mwaka kipimo cha moyo kile cha kupakwa mafuta kifuani. Akanisomea karatasi nane haraka haraka, nikamwambia naomba nikafikirie kwanza, akasema sawa njoo Alhamisi ijayo.

Maswali yangu ni haya. Kwanini sisi ambao tuko sawa, au kuna kitu wamekiona kwenye hizi dawa hawataki kutuambia? Nikikataa watanikatia dawa au wataanza kunizungusha? Alafu wamesema nikikosa tarehe wanaweza kunifuata nyumbani, na mi pale nimepanga nyumba ya wapangaji saba, mtu na begi lake akija kuniulizia si mtaa mzima utajua? Na la mwisho, mi napata nini hapo?

Kipanga_Ilala

Dada usisaini. Nakwambia kama mtu aliyesaini.

Mi 2011 kuna kliniki moja hapa mjini niliingizwa kwenye utafiti kama huo huo wako, damu nilitolewa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, maswali hadi ya chumbani niliulizwa nikajibu yote kwa sababu niliamini naisaidia nchi yangu. Wakasema majibu tutawaletea. Siku ya siku tunaambiwa utafiti umeisha asanteni. Mpaka leo hakuna mtu aliyenipigia hata simu kuniambia Kipanga ile damu yako tuliona hiki na hiki. Hilo liliniuma sana na bado linaniuma. Wao wanapanda vyeo, sisi tunabaki na alama za sindano.

MzeeWaBuza

Binti yangu, pole kwa kukosa usingizi. Na wewe Kipanga pole, hilo ulilofanyiwa ni kosa na una haki kulisema.

Lakini naomba nikueleze binti kwa nini mi ningesaini, nivumilie maana nitaandika kirefu.

Mi nimeanza dawa 2005, serikali ilikua imeanza kuzitoa bure mwaka mmoja kabla yake, 2004 mwishoni. Kabla ya hapo dawa ilikua ya mwenye nacho, sisi wengine tulizika tu, kwenye mtaa wetu kuna kipindi turubai lilikua haliondoki. Nilipoanza nilipewa kidonge kilichokua na stavudini ndani. Kiliniokoa, nilikua na kilo 41, hilo sitasahau. Ila baada ya miaka kama mitatu nyayo zikaanza kuwaka moto usiku kama nimekanyaga makaa, mashavu yakaingia ndani, mikono ikabaki mishipa mitupu. Mtu alikua akiniona tu anajua. Tulipolalamika tuliambiwa vumilia mzee, dawa ndo hiyo.

Sasa nani aligundua kwamba ni ile dawa yenyewe inayofanya vile na sio ugonjwa? Ni watu waliofuatiliwa miaka, wakapimwa wakaandikwa, wengi wao Waafrika kama sisi. Maana mwaka wa kwanza dawa ilionekana nzuri tu, ubaya wake ulikuja taratibu. 2009 shirika la afya duniani likasema nchi ziiache, na mi nikabadilishiwa. Moto wa miguuni ulipungua japo mashavu hayakurudi yote. Kama wangeangalia miezi sita wakafunga daftari, mpaka leo tungekua tunaimeza.

Kitu kingine. Mnakumbuka 2011 kikombe cha Loliondo, ile dawa ya Babu iliyosemwa inaponya kila kitu, nusu ya Dar ilihamia kule. Rafiki zangu wawili waliacha dawa baada ya kunywa kikombe kwa sababu walijisikia vizuri, na kweli mtu ukiacha dawa hujisikii vibaya siku hiyo hiyo, hapo ndo mtego ulipo. Wote wawili sinao leo. Mi sikuacha kwa sababu daktari mmoja kijana alinikalisha akanieleza utafiti mmoja unaitwa SMART. Walichukua watu 5,472 kwenye nchi 33, nusu wakaendelea na dawa bila kukatisha, nusu wakawa wanapumzishwa dawa CD4, yani chembe za kinga kwenye damu, zikiwa juu na kurudishwa zikishuka chini ya 250. Nia ilikua nzuri kabisa, kumpunguzia mtu sumu ya dawa. Januari 2006 ikabidi wausimamishe, maana waliokua wanapumzika walikua wanakufa na kupata magonjwa nyemelezi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Na ambacho hakuna aliyekitegemea, hata magonjwa ya moyo, figo na ini yalizidi kwa waliopumzika. Yani kirusi kikiachwa huru kinawasha mwili mzima, hakishambulii kinga peke yake. Ile habari ndo iliyonishika mkono nisipande basi la Loliondo.

DadaWaMbagala

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, machozi yamenitoka kwenye hao rafiki zako. Sikujua kabisa kama moyo unahusika na VVU, nilijua ni kinga tu.

NesiTemeke

Dada mi ni nesi, nimefanya CTC miaka tisa na miwili kati ya hiyo nilikua upande wa utafiti, kwa hiyo niongee na maswali yako moja moja ila sitafuata mpangilio.

Kukatiwa dawa: hapana. Hamna mtu mwenye ruhusa hiyo. Dawa zako ni za kliniki, utafiti ni kitu kingine, unaweza kukataa leo, unaweza kukubali leo ukajitoa mwezi wa tatu bila kutoa sababu na dawa unaendelea kuchukua dirisha lile lile. Hilo lazima liwe limeandikwa kwenye karatasi, litafute. Na yule kijana kukusomea kurasa nane haraka haraka hakufanya vizuri, ukirudi mwambie asome upya taratibu kwa Kiswahili, ukitaka njoo na dada yako asikilize. Akikasirika ujue huyo hajui kazi.

Kufuatwa nyumbani: hapa una haki ya kuogopa, nimeona watu wameharibikiwa nyumba kwa mtu kupiga hodi kizembe. Waambie HAPO HAPO kabla ya kusaini, mi sitaki mtu aje kwangu, nipigieni simu namba hii na mkipokelewa na mtu mwingine msiseme mnatoka wapi. Wanaandika kwenye fomu ya mawasiliano. Ukisema mapema wanafuata, ukinyamaza wanaenda na ramani uliyowachorea.

Sasa swali lako la kwanini watu walio sawa, hilo ndo swali zuri kuliko yote. Kuna utafiti wa kujaribu dawa, ambao watu wanagawanywa makundi huku dawa hii kule dawa ile, na kuna utafiti wa kufuatilia, ambao hakuna anayekubadilishia chochote, unaishi maisha yako wao wanaandika. Huo wako kwa maelezo yako ni wa kufuatilia. Na wa kufuatilia unahitaji watu walio sawa, ukichukua wagonjwa tu utajuaje kilichowafikisha pale? Hata hapa kwetu upo wa muda mrefu, Ifakara kule kliniki ya hospitali ya St Francis wanafuatilia watu wa Kilombero na Ulanga tangu miaka ile ile dawa za bure zilipoanza, na Mbeya kuna watu wako kwenye ufuatiliaji unaounganisha Kenya, Uganda, Nigeria na sisi, ulianza 2013.

Na nikupe mfano wa hapa hapa Dar ambao watu wengi hawaujui na mi nauona ni wa kujivunia. Kati ya 1995 na 1997 wajawazito 1,078 wenye VVU wa mji huu walikubali kuingia kwenye utafiti wa vitamini. Wakati ule ARV hatuna. Walifuatiliwa miaka, matokeo ya kina mama wenyewe yakatoka 2004: waliopewa vitamini za B, C na E, waliofika hatua ya nne, yani UKIMWI wenyewe, au kufariki walikua asilimia 24.7, ambao hawakupewa 31.1. Sio tiba lakini kwa kipindi kile ni watu walioongezewa siku za kukaa na watoto wao. Na utafiti huo huo ukaonyesha vitamini A haikusaidia, na ikaongeza hatari ya mtoto kuambukizwa. Nani angefikiri vitamini A ina shida?

Haijaishia hapo. Dawa zilipokuja watu wakasema basi vitamini nyingi pamoja na ARV itakua bora zaidi. Wakajaribu tena hapa Dar kwa watu 3,418 walioanza dawa kuanzia 2006, nusu vitamini za kiwango kikubwa nusu za kiwango cha kawaida. Machi 2009 wakausimamisha kwa sababu za kiwango kikubwa hazikuongeza faida yoyote, na vipimo vya ini vilikua vinapanda. Kwa hiyo nyie mnaouziwa makopo ya virutubisho ya laki mbili mnaambiwa yanaongeza CD4, jibu lilishatoka kwenye damu za watu wa mji huu huu, tafadhali kamnunulie mtoto samaki.

Mama_Wawili_Kgmb

Niongezee kwa upande wa sisi wanawake maana hili lilinipitia.

Mi nilikua natumia TLE, ile yenye efavirenzi, ndoto mbaya kila usiku, nikiamka kichwa kizito mpaka saa nne asubuhi. Dawa mpya yenye dolutegraviri ilipokuja wengine wakahamishwa, mi nikaambiwa wewe bado unazaa subiri. Nililia. Nikaona tunaonewa kwa sababu ni wanawake.

Baadae ndo nikaja kuelewa chanzo. Botswana walikua wana utafiti wa muda mrefu unaitwa Tsepamo, wanaandika kila mtoto anayezaliwa kwenye hospitali kubwa na mama alikua anatumia dawa gani. Mei 2018 waliona watoto 4 wenye tatizo la uti wa mgongo au ubongo kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa kwenye dolutegraviri, ni wengi kuliko kawaida, tahadhari ikatolewa dunia nzima. Ila hawakuishia pale, waliendelea kuhesabu. Mwaka uliofuata wakawa na watoto 5 kati ya 1,683. Si unaona, aliongezeka mmoja tu wakati mama wameongezeka zaidi ya elfu moja. Julai 2019 shirika la afya duniani likasema ni dawa ya watu wote mpaka wanaotarajia kuzaa, na kadri walivoendelea kuhesabu tofauti ikafutika. Nikahamishwa TLD, hiyo yenye dolutegraviri, usingizi ukarudi, mwanangu wa mwisho nimembeba nikiwa juu yake na ni mzima kabisa.

Kwa hiyo mi nawaheshimu sana wale kina mama wa Botswana walioruhusu watoto wao waandikwe, hasa wale wanne. Mtu ametoka kujifungua mtoto ana shida vile na bado anakubali mtoto wake aandikwe kwenye daftari.

Ila na mi niseme, nimeongezeka kilo 14 tangu nihamie TLD na kliniki nikisema naambiwa punguza ugali. Afrika Kusini wameufuatilia uzito kwa watu 1,053 na wameona kweli wanaotumia dolutegraviri wanaongezeka, wanawake zaidi. Kama huo utafiti wako dada wanapima uzito na sukari kwa miaka mitano, mi ningekua wa kwanza kwenye foleni.

Kipanga_Ilala

Nimewasoma wote na sijabadilisha kwamba niliumizwa. Ila nesi nakuuliza kwa heshima, kama ni haki kupewa majibu mbona mi sikupewa? Na hiyo damu inaishia wapi?

NesiTemeke

Kaka Kipanga ulikua na haki na haikutimizwa, sitatafuta maneno ya kuwatetea. Vipimo vyako binafsi kama figo, sukari, wingi wa virusi vilitakiwa viingie kwenye faili lako la kliniki daktari wako avitumie. Matokeo ya jumla walitakiwa warudi wawaite mkae mwambiwe kwa lugha mnayoielewa. Hii tabia ya watafiti kuishia kwenye mikutano na makaratasi ya Kizungu ndo inayofanya mtu kama dada hapa akose usingizi, na mi nimeshaisema kazini mpaka nimechukiwa.

Kuhusu damu: kutunzwa kwa matumizi ya baadae au kupelekwa nje ya nchi ni kitu kinachoandikwa kwenye fomu peke yake, una uwezo wa kukubali utafiti na kukataa hicho. Na kila fomu iwe na namba ya kamati ya maadili iliyotoa kibali, iwe NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au chuo, unapiga unalalamika kwa hao, sio kwa mtafiti.

MzeeWaBuza

Kuna kitu nilisahau na kinamhusu binti moja kwa moja. Umesema mume wako hana. Wandoa 1,763 ambao mmoja anacho mmoja hana, wakiwemo wa Kenya na Malawi, walifuatiliwa mpaka 2015. Ambaye virusi vyake vimefubaa sawasawa kwa dawa, hakupatikana hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Ule utulivu ulionao nyumbani kwako ulilipiwa na hao.

Na la CD4 nalo. Mi nina mdogo wangu 2010 alirudishwa nyumbani bila dawa kwa sababu CD4 zake zilikua 460, utaratibu wa wakati ule, alirudi miaka miwili baadae ana TB ya mgongo. 2015 utafiti wa START ukamaliza ubishi: watu 4,685 wenye CD4 juu ya 500, walioanza dawa mapema waliopata matatizo makubwa au kufariki walikua 42, waliosubirishwa 96. Mwaka uliofuata hapa kwetu ikawa ukipimwa ukikutwa nao unaanza. Leo mtoto wa mtu akipimwa Mnazi Mmoja asubuhi anaweza kuondoka na dawa mkononi. Mdogo wangu anatembea na fimbo.

DadaWaMbagala

Mungu awabariki, sikutegemea. Swali moja la mwisho, hili la moyo wanaloangalia, kuna dawa yake au wanataka tu kuhesabu watakaoanguka?

NesiTemeke

Ipo kazi imeshafanyika. Utafiti unaitwa REPRIEVE, watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75, nchi 12 zikiwemo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, wote ni watu ambao kwa vigezo vya kawaida hatari yao ya moyo ilikua ndogo au ya kati. Nusu wakapewa pitavastatini, ni dawa ya kushusha mafuta ya kwenye damu, kidonge kimoja kwa siku. 2023 matokeo yakatoka, matukio kama shambulio la moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 35. Kwa hiyo hilo la dawa ya kukinga lipo.

Ila sisi hapa tunahitaji kujua nani kati yetu yuko kwenye hatari. Mgonjwa wangu wa Yombo ana miaka 44, presha 170 kwa 100, anaijua namba ya wingi wa virusi vyake kwa kichwa lakini presha hajawahi kupimwa nje ya siku za kliniki, na hata kliniki kuna siku mashine haina betri. Tumewavusha watu kwenye kirusi, sasa wanazeeka, na sijui tumejipangaje kuwapokea uzeeni. Kwa hiyo ukiuliza wewe unapata nini, unapata kipimo cha moyo kila mwaka ambacho mtaani ungelipia. Nauli pia huwa wanarudisha, uliza ni shilingi ngapi.

Kipanga_Ilala

Dada kama utaenda, wabane. Waambie wakuandikie ni lini watarudi kuwaeleza walichokiona, mwezi na mwaka. Wakikuandikia na mi nitaomba kujua kliniki ni ipi nije niulize kama wanachukua watu wa Ilala.

DadaWaMbagala

Nimemwonyesha mume wangu uzi wote, amesema Alhamisi anafunga duka twende wote. Nimeandika kwenye daftari: asome upya taratibu, hakuna kuja nyumbani wapige simu yangu tu, damu yangu isitoke nje ya nchi mpaka niulizwe tena, vipimo viingie kwenye faili langu, na lile la Kipanga la mwezi na mwaka nimeliweka la kwanza. Nakala ya fomu nabaki nayo mimi.

Mama_Wawili na mi nimeongezeka kilo tisa, nilidhani ni chipsi za jioni. Nitawauliza.